Mkoba wa Nyanya Mlangoni

Nilikuwa keshia katika supamaketi moja ya mji mdogo wa Roret tulipoletewa meneja mpya kutoka makao makuu. Hakukaa sana kabla ya kuwaachisha kazi akina mama waliokuwa kwenye meza ya kuhudumia wateja. Walikuwa wenyeji, waliongea Kipsigis na kila mkulima aliyeingia, wakijua nani ana mgonjwa na nani ameozesha. Mahali pao wakaja vibarua, nao wakabadilishwa kabla hawajazoea rafu. Mlangoni akawekwa soja, mlinzi mgeni, aliyeambiwa awachunge wateja kama wezi.

Wakulima walipolipwa bonasi yao ya chai, duka lilijaa tangu asubuhi, na kaunta iliyokuwa na mtu ni yangu peke yake. Foleni ilifika kwenye magunia ya unga. Hakuna aliyepiga kelele. Walinitazama tu, vidole vyangu vikaanza kukosea.

Ndipo nikamwona mlangoni kogo mmoja, nyanya tuliyesali naye kanisani. Alikuwa amerudisha chupa ya chai ambayo kifuniko chake hakikushika, akimweleza soja kwa Kipsigis. Soja hakuelewa neno. Alimnyang'anya chupa, akachukua mkoba wake na kuumwaga sakafuni: leso, Biblia, dawa za presha.

Niliinuka. Meneja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikiacha kaunta nisirudi. Nikasimama pale, nikiwaza wanangu watakula nini. Kisha nikaenda. Nilipiga magoti nikaokota dawa, huku nikimweleza soja nyanya alichotaka. Soja naye akainama, akaanza kuokota, hawezi kututazama.

"Mwambie asubiri nje," meneja akaniambia. "Tutamshughulikia foleni ikiisha."

Nyanya alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mimi nimekuja na pesa yangu kwa hii duka miaka mingi. Nje sisubiri."

Akachukua mkoba akaondoka, chupa akaiacha. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni aliweka kikapu chake chini, taratibu, akamfuata. Kisha mama mmoja, kisha wengine, hadi nikabaki nikisikia friji zikinguruma.

Jioni hiyo nilifutwa kazi. Wiki chache baadaye meneja akaniita. Rafu zilikuwa zimejaa na duka tupu. Watu walikuwa wakienda kununua vitu mjini Litein. Alitaka nisimame kanisani niwaombe warudi. Nikamwambia twende kwanza kwa yule nyanya, yeye na mimi, amwombe msamaha.

Alichungulia barabarani.

"Mimi siwezi kwenda kupiga magoti kwa mteja mmoja," akasema.

Nikamuaga nikaenda zangu. Kabla ya Pasaka duka lilifungwa, na vibarua walipata habari kwa ujumbe wa simu, wakiwa wamesimama mbele ya mlango uliokwisha kufungwa kwa minyororo.