Walinitangaza kijiji kizima kuwa natia maji kwenye molasi, kumbe ni bakteria wao waliogoma kazi

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Anayebisha aje Kilosa.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ndipo mimi na shida tulipojuana. Baba, mkata mkonge, alifariki. Shule nikaiachia darasa la pili. Nimebeba magunia stesheni, nimekuwa utingo, nimekuwa dereva, mpaka nikanunua lori bovu nikalifufua kwa mikono hii.

Sasa twende kwenye mada.

Njia ya kwenda Mikumi walikuja wasomi wakafungua kiwanda kidogo. Kazi yao kufuga bakteria. Ndiyo, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinafugwa kwenye mapipa ya chuma kama wewe unavyofuga kuku.

Bakteria hao wamebadilishwa vinasaba. Unawalisha sukari, wao wanatoa asidi fulani ya kutengenezea plastiki inayooza ardhini. Mali ghali hiyo. Chakula chao ni molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaletea kwa tanki langu. Safari nyingine nanunua ya kwangu, nawauzia wafugaji, wanamwagia mabua ng'ombe wale kiangazi.

Tulienda vizuri tu. Halafu asidi ikaanza kupungua kwenye mapipa. Vibarua wakasimamishwa, vijana wetu wa Chanzuru na Masanze.

Meneja wao akaja kwenye mkutano wa kijiji, akashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, kazi imesimama kwa sababu mzee anayetuletea molasi anaichanganya na maji."

Wakuu, nilikuwa nimekaa palepale, mbele.

Nikasimama. "Kipimo cha sukari unacho ofisini. Kalete, upime hapa watu waone."

"Mzee, usitufundishe kazi."

Basi. Nimeshahukumiwa hivyo.

Kwa msiojua, molasi ndiyo wanayopikia gongo. Ukisemwa unatia maji, maana yake ile uliyopunguza umewapelekea wapika gongo. Mke wangu anaimba kwaya. Akitoka kanisani mwenzake akamwambia, "Mama, na sisi mtuwekee kachupa basi!" Wakacheka. Alirudi nyumbani hakula.

Wale vijana waliokosa kibarua wakawa wananipita barabarani kimya, bila shikamoo. Kwetu bora unitukane.

Kilichoniuma zaidi ni Baba Saitoti, mfugaji niliyeuziana naye tangu lori likiwa moja. Alikuja na madumu yake, akafungua koki, akachovya kidole, akaramba kwanza. Hajawahi hata siku moja.

"Unaramba nini?"

"Aa, rafiki yangu, naangalia tu."

Naangalia tu! Nikamjazia madumu, nikaingia ndani.

Sasa pale kiwandani kuna binti wa maabara, nimwite Neema. Wakati wote huo alikuwa likizo ya uzazi. Aliporudi, bila kutumwa na mtu, akatoa zile chupa za sampuli zinazobakizwa kila nikishusha mzigo, akazipima. Sukari imejaa, zote. Ndipo akawapima bakteria wenyewe.

Akaja kwangu na mtoto mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuniita mwizi?"

"Hapana babu. Wanaokula bila kufanya kazi ni bakteria wetu."

Akanieleza. Kumbe ile asidi ni mzigo kwa yule mdudu. Angependa sukari yote aile mwenyewe anenepe, azaane. Sasa hutokea akazaliwa mmoja ambaye ule mtambo wa kutoa asidi waliomwekea umeharibika. Huyo anakula tu, hatoi kitu, na anazaana haraka kuliko wenzake. Mwisho pipa zima ni ukoo wake.

Dawa yake ni kila pipa jipya kulianzisha na mbegu halisi iliyogandishwa kwenye friji. Meneja aliona hiyo inachelewesha. Akawa anachota pipa la zamani anaanzishia jipya, tena na tena.

Wakuu, hata bibi wa Mamboya anajua mahindi chotara ya dukani hayarudiwi mbegu! Na huyu ana digrii.

Majibu ya Neema yalipomfikia, meneja akanipigia simu. "Mzee, yale tumeyamaliza. Lete mzigo Jumatatu."

"Tumeyamaliza na nani?"

Nikamwambia, ulinichafua kwa kipaza sauti, huwezi kunisafisha kwa simu. Njoo mkutanoni, watu walewale. Mnajua alifanya nini? Alimtuma dereva aniletee mfuko wa sukari. Sukari! Nikamwambia dereva arudi nao, wakawape bakteria wao.

Mkutano uliofuata meneja hakutokea. Akaja Neema peke yake, tena kwa nauli yake. Akaomba nafasi kwa mwenyekiti, akashika kipaza sauti, akasema molasi ya mzee huyu ilikuwa safi, kosa lilikuwa la kiwanda. Na anajua kibarua chake kiko hatarini.

Baba Saitoti akapiga kelele kutoka nyuma, "Kumbe walevi ni wadudu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaja akanishika mkono.

Molasi ya kiwanda kile sijabeba tena na sibebi.

Nilichojifunza: mtu akikuchafua hadharani, usikubali akuombe radhi pembeni. Na enyi wasomi, pimeni kabla ya kusema. Kuna aliyewahi kufanyiwa hivi humu? Niambieni, nimekosea kukataa kazi?

Na kabla hamjasema mzee ana njaa, ninavyo hivi leo: lori la tanki moja na la mizigo moja. Nyumba ya tofali za kuchoma Chanzuru. Shamba la mpunga Masanze. Ng'ombe kumi na wanne, wanachungwa na Baba Saitoti. Mke mmoja. Na jina langu, nusu. Nusu nyingine bado anayo meneja.