Aliyeniuliza Jina la Mwanangu

Mtoto wangu wa kwanza aliishi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Alikuwa wa kiume, na nywele zilikuwa nyingi mpaka mkunga akacheka. Mume wangu alimwadhinia sikioni, akampa jina tuliloafikiana, na kabla ya alasiri wanaume walikuwa wameshamchukua kwenda kumzika. Mimi nilibaki kitandani nikiwasikia mashangazi wakinong'onezana kwamba nisikumbushwe.

Kweli hawakunikumbusha. Niliporudi nyumbani kwetu Makorora nilikuta beseni, nepi na kofia ya sufu vimeshaondolewa. Waliokuja kunipa pole waliniambia Mungu atanipa mwingine, kisha wakageukia habari za mvua. Walinipenda, najua. Lakini kifua changu hakikuwa na habari ya msiba. Siku ya tatu maziwa yakaja, yakajaa hadi nikawa siwezi kulala ubavu.

Baada ya kama wiki mbili nilichoka kukaa ndani, nikachukua ndoo ya mahindi nikaenda mashineni. Tulikuwa wanawake sita au saba kwenye foleni. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, amelala fofofo katikati ya ngurumo ile. Mara umeme ukakatika. Mashine ikapunguza sauti, ikanyamaza, na ukimya ndio uliomwamsha mtoto. Akalia.

Maziwa yalishuka kabla sijafikiri lolote. Gauni likalowa mbele, madoa mawili yanazidi kupanuka, nami sina hata mkono wa kujificha kwa sababu nimekumbatia ndoo. Majirani zangu waliona, wakatazama chini. Mama wa yule mtoto akatoka naye haraka kama mtu aliyefanya kosa.

Aliyesogea alikuwa mwanamke nisiyemjua, makamo ya mama yangu. Alinipokea ndoo akaitua chini. Akaivua kanga aliyojitanda mabegani, akanizungushia kifuani na kuikaza kwa nyuma, kama afungwavyo mzazi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wa siku ngapi?"

"Hayupo, mama. Alifariki."

Hakusema pole. Alinishika mikono yote miwili, viganja vyake vimekauka kwa jembe.

"Mlimwita nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilipofungua kinywa ndipo nilipotambua kwamba tangu siku ile sijalitamka jina lile hata mara moja. Sitaliandika hapa, ni letu. Lakini nililitaja pale, kati ya ndoo za mahindi.

Akalirudia polepole, lote, bila kukosea. "Mola amjaalie awaombee wazazi wake," akasema. "Alifanana na nani?"

"Baba yake. Paji la uso ni la baba yake."

"Na nywele je?"

"Nyingi!" nikasema, nikacheka, na ndani ya kicheko kile kikatoka kilio ambacho hakikutoka siku ya msiba. Alinishikilia mpaka kikaisha chenyewe. Ajabu yake sijaizoea hadi leo. Mtu asiyejua hata mlango wangu aliuliza maswali machache, na mwanangu, ambaye wote tulimzunguka kwa ukimya, akawa mtu aliyewahi kuwepo duniani, mwenye jina, mwenye paji la uso.

Umeme uliporudi nikataka kuifungua kanga. Akanizuia mkono.

"Utaendaje nyumbani hivyo? Nenda nayo."

Akasagiwa muhogo wake, akajitwika ndoo juu ya kilemba, akaondoka. Siku mbili baadaye nilirudi kumwulizia. Msagaji akaniambia yule alikuwa mgeni, alikuja kumtazama binti yake, na kesharudi kwao Maramba. Sijamwona tena.

Lakini jioni ya siku ile ile ya mashineni nilimhadithia mume wangu, na nilipofika kwenye jina nikalitaja. Alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini.

"Nilidhani hutaki kulisikia," akasema.

"Nami nilidhani ni wewe usiyetaka."

Tulikaa hapo chakula kikapoa, tukimzungumzia mtoto wetu kwa mara ya kwanza: vidole vyake, namna alivyokunja uso adhana ilipoanza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, mume wangu alinipeleka makaburini. Nilisimama pembeni, naye akaenda moja kwa moja bila kutafuta, akachutama kwenye kituta kisichofika urefu wa mkono. Palikuwa pamepaliliwa, udongo una unyevu, na kwenye kichwa cha kaburi mche wa mrehani umeshashika. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akipita kuumwagilia.