Kamba ya Onesphory

Kaka yangu Onesphory alikuwa mfunga mizigo. Ukimwambia mtu hivyo anadhani alipakia magunia pale stesheni ya Kilosa, na mimi hukasirika. Kazi yake ilikuwa kuchagua: kitu hiki kizito kiinuliwe na kreni gani, isimame wapi, na kifungwe kwa mnyororo, kwa waya au kwa kamba. Akikosea yeye, mwingine anakufa. Kazi ya namna hiyo sijui nyingine, labda udaktari.

Mimi ni Beda, mdogo wake, nami nilikuwa kibarua chini yake. Ni mtu wa hasira, Rudewa nzima wanajua, basi mnivumilie.

Baba yetu alikata mkonge Rudewa mpaka mgongo ukapinda. Ndiyo maana Onesphory alipenda kamba ya mkonge. Alikuwa na moja yake mwenyewe, nene, aliyoinunua mwaka wa Uhuru, akaitunza nyumbani ndani ya gunia. Kamba yoyote, kabla ya kuitumia, aliisokotoa kidogo akachungulia katikati ya nyuzi, maana kamba huharibikia ndani. Waya wa mkandarasi nao aliupapasa wote kwa vidole, tukawa tunamtania kwamba anatafuta chawa.

Mke wake ni shemeji yangu Yunis, binti wa milimani aliyelelewa misheni. Usafi wake ulikuwa kama ugonjwa. Alifua kila kilichoingia nyumba ile, akasugua mpaka mipini ya majembe.

Mwaka wa tatu baada ya Uhuru tulikuwa Mikumi tunajenga ghala, na masika yalikuwa yamekaza. Zilibaki kenchi za paa, za mbao nzito. Mkandarasi alikuwa na kreni ya lori. Onesphory alikwenda pale ilipotakiwa kusimama, akakanyaga udongo, kisigino kikazama. Akaikataa. Alisema ikizama tairi moja italala na mzigo wake. Msimamizi alinung'unika lakini akakubali, tukasimika winchi ya mkono upande wa juu penye changarawe. Ikaja habari ya kufungia. Waya uliokuwepo ulikuwa umechomoza nyuzi kama miiba, akautupa. Mnyororo ungekata mbao. Akasema, "Nitaleta kamba yangu." Kwa uzito ule kamba ile ilitosha na kuzidi. Hakukosea chochote hapo, nataka mlielewe hilo.

Akaenda nyumbani Rudewa, mvua ikamzuia huko siku mbili, akarudi na gunia lake, akafunga kenchi. Hakuisokotoa. Vya watu wengine alivikagua vyote, lakini hiyo ilitoka chumbani kwake, mikononi mwa mke wake. Nani anayekagua chakula cha nyumbani kwake?

Tuliinua kenchi kiasi cha shibiri, tukaiacha ining'inie kwanza kama kawaida yake. Kamba ikashika. Tukaendelea. Ilipofika usawa wa ukuta upepo ukaizungusha, na mwenzetu Mwinshehe, aliyekuwa akiiongoza, akasogea kuizuia. Kamba ikakatika. Mwinshehe alikuwa mtoto pekee wa Mama Sikuzani, jirani yetu wa Rudewa. Tulipoondoa mbao juu yake alikuwa ameshakufa.

Baadaye kaka aliokota ncha ya kamba, akaisokotoa. Nyuzi zikavunjika vidoleni kama majani makavu. Akainusa, akanipa, nami nikanusa: sabuni, magadi na moshi wa jikoni. Nilielewa palepale. Yunis alikuwa ameichemsha na magadi kama anavyochemsha mashuka, na kwa kuwa jua halikuwepo akaikausha darini juu ya moto, kisha akairudisha ndani ya gunia. Kamba ya mkonge ukiifanyia hivyo umeiua, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

"Ni Yunis," nilisema.

"Ni mimi," akajibu. "Kamba ni yangu, na kuichungulia ilikuwa kazi yangu. Yule mwanamke akijua hili hatapata usingizi tena. Ukimwambia, Beda, wewe si mdogo wangu."

Wakubwa walipomwuliza alisema, "Nilichagua vibaya." Wakamfukuza kazi, na maneno hayo yakamfuata kila alikokwenda.

Masika yaliyofuata alichukua jembe akaenda kumlimia Mama Sikuzani. "Shikamoo, mama," alisema. Yule mama akamtazama tu. Kwetu kunyimwa marahaba ni kama kutemewa mate, lakini kaka akalima mpaka mwisho wa shamba, akaondoka. Mwaka wa pili ikawa hivyohivyo. Mwaka wa tatu Mama Sikuzani akaitika polepole, "Marahaba, mwanangu." Kaka akaketi kwenye tuta akalia. Nilikuwa naye, na mimi nililia.

Aliyeshindwa kumsamehe alikuwa mke wake. Huenda ilikuwa aibu ya kusemwa na watu, sijui. Wakila chakula alianza: "Watu wanafunga kwa waya, wewe ukang'ang'ania kamba." Kaka alijibu, "Nilikosea, mama Fausta," akaendelea kula.

Ukaja wakati wa vijiji, tukahamia kijiji cha ujamaa upande wa Kilangali. Siku moja ikaletwa mashine ya kusaga kwa lori, na mwenyekiti wetu, Cornel, akamwomba kaka aishushe. Kaka akakataa. Mkutanoni wakaanza kumsema kuwa ni mvivu, anataka kula jasho la wenzake. Yunis akasimama kumtetea, kwa namna yake. "Mwacheni mume wangu," alisema. "Alichagua vibaya mara moja akaua mtu. Mnataka aue na mwingine?"

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme yote mbele ya kijiji kizima. Kaka akanishika mkono. "Keti, Beda," alisema. Nikaketi. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ile kata nayo huchoka jamani.

Baada ya miaka michache kifua kilimshika, akafa. Siku ya maziko, kaburi likiwa tayari, Yunis alinijia amebeba gunia ninalolifahamu. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba kilichobaki, cheupe kuliko siku iliponunuliwa.

"Shemeji," alisema, "mshusheni kwa kamba yake. Nilipoona anazidiwa niliifua. Hata ile safari ya Mikumi nilimfulia, nikaichemsha vizuri na magadi, asiaibike mbele za watu. Sikumwambia. Nadhani hata hakuona, maana hakuwahi kusema kitu."

Nilimtazama. Niliyakumbuka masimango yake yote ya miaka ile, na nilimchukia, sitawadanganya. Neno moja tu lingetosha. Halafu nikaiona mikono yake, imebabuka kwa magadi. Alikuwa akisugua huku mumewe anakata roho chumba cha pili.

"Ahsante, shemeji," nikasema. "Imetakata. Angefurahi."

Tulimshusha kaka kwa kamba za kisimani. Ile ya kwake niliikunja vizuri nikaiweka juu ya jeneza, nikawaambia watu kuwa mfunga mizigo huzikwa na kamba yake. Hakuna desturi hiyo. Niliitunga papo hapo ili kamba ile isibaki juu ya ardhi, asije siku moja mtu mwingine akaisokotoa. Udongo ulipoanza kuingia, Yunis alinisogelea akaninong'oneza kwamba tungeifunika na kitu kwanza, itachafuka.