Fundi Anayejibu Ukuta

Fundi anayetuzibia msingi usipitishe maji hutoka mtaa wa Cibitoke kwa miguu, na kila asubuhi, kabla ya kushuka kwenye mtaro aliouchimba nyuma ya nyumba, huweka mgongo wa kiganja ukutani kama anayepima homa ya mtoto. Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Chumba cha chini, anakolala mama asiyeweza tena kupanda ngazi, kimezama nusu ardhini, na mvua za mlimani huishia humo. Kwa nje fundi haoni maji yanakopenyea. "Gonga penye iko maji, Mama," husema. Mama hugonga kwa fimbo yake, naye hujibu kwa mwiko, mara mbili, kisha hukwangua, huziba kwa saruji, hupaka lami hadi viwiko vyake vinakuwa vyeusi.

Jana fundi aligonga, mama akanyamaza. Akagonga tena. Nilimwona akitupa mwiko, akatoka mtaroni kwa magoti, akakimbilia chumbani na tope lake lote.

"Nilikuwa nasali!" mama akafoka. "We, matope yote hiyo mu nyumba yangu!"

"Pardon, Mama. Niliona umenyamaza."

Alirudi mtaroni, akaketi kwanza. Baadaye nilishuka chumbani kwa mama kuupapasa ukuta kwa ndani. Ulikuwa mkavu kila mahali, mkavu wa siku kadhaa, na kule nje udongo wa kufukia mtaro ulikuwa bado lundo, haujaguswa. Mama aliinua fimbo, akagonga palepale pakavu nilipopapasa, akatega sikio. Fundi akajibu, mara mbili.