Kijiko cha Mwisho cha Mke Wangu

Mke wangu alipika katika kantini ya kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na sita, na wafanyakazi wakambandika jina la Mama Kijiko. Kila sufuria, kabla ya kuiepua, aliitia kijiko kimoja cha samli, akaifunika, akahesabu mpaka ishirini, ndipo akaruhusu mtu kusogea na sahani. Nimemwona meneja mzima, tai shingoni, akisubiri ile ishirini kwa utulivu wa mtoto wa chekechea. Mimi ni fundi makochi, hakuna aliyewahi kunipa jina la utani, na kusema kweli namwonea mke wangu wivu kidogo. Lakini leo nataka kumsifu, na hapo sina utani.

Mwaka jana mwanetu alioa mwalimu wa hesabu, binti mpole na mcheshi, asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si samaki, si maziwa, si mayai, hata asali hagusi. Mke wangu alipoambiwa aliuliza, "Sasa anakula nini, hewa?" Hata hivyo siku ya kwanza walipotutembelea alimpikia maharagwe, na mkwe wetu akala sahani mbili. Akasifu weee, mwisho akauliza siri yake. Mama Kijiko akavimba kichwa. "Siri ni samli, mwanangu. Kijiko kimoja tu, mwishoni."

Mkwe akakilaza kijiko chake taratibu kando ya sahani. Hakugomba wala hakununa. Alisema tu, "Asante, Mama, nimeshiba." Kwa mke wangu samli haikuwa nyama wala maziwa, ilikuwa samli basi, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Uso ukamshuka.

Tangu siku hiyo mkwe akawa anakuja na kopo lake. Maharagwe ya dukani, yale meupe madogo katika mchuzi wa nyanya. Alilitoa mkobani kwa adabu zote, akaomba cha kufungulia, akala vivyo hivyo baridi huku akitusimulia vituko vya wanafunzi wake. Angekuwa mjeuri tungejua pa kumshikia. Upole wake ndio uliotumaliza. "Nimelisha watu mia tatu kwa siku," mke wangu aliniambia akisugua vyombo kana kwamba vimemkosea, "halafu mkwe wangu anakula bati mezani pangu!"

Miezi sita ilipita hivyo, kisha akakata shauri. Atayapika maharagwe yaleyale nyumbani, kwa mkono wake, bila hata tone la kitu cha mnyama, mpaka binti yule ale tena kutoka katika chungu chake. Hakutaka kingine.

Alinipora miwani yangu, akalisoma kopo tupu kuanzia juu mpaka chini. Akaamua kwamba kwa kuwa ndani ya kopo maharagwe na mchuzi vinakaa pamoja, basi vipikwe pamoja tangu mwanzo. Akayaroweka maharagwe usiku kucha, asubuhi akayabandika na nyanya zote. Saa nne baadaye nilitafuna moja, nikamwambia nitayapigilia kwenye makochi badala ya vifungo. Alinirushia kitambaa cha kufutia vyombo.

"Ule uchachu wa nyanya umeyakaza," alisema. "Na nilikuwa najua! Kopo limenipumbaza."

Mara ya pili akayachemsha kwa maji matupu mpaka yakapondeka kwa kidole. Nyanya alizikwangua, akazikaanga pembeni na vitunguu na kitunguu saumu mpaka mafuta yakaelea juu, akaongeza nyanya ya kopo, sukari kidogo, siki, haradali ncha ya kijiko, na chumvi. Akachanganya vyote katika bakuli la udongo lenye mfuniko na kulisukuma ndani ya oveni kwa saa nzima, hadi mchuzi ukawa mzito wa kung'ang'ania maharagwe. Wiki tatu nilikula hayo tu. Mteja mmoja alilalamika kwamba kochi lake linanukia vitunguu.

Jumapili ya wageni ikafika. Bakuli lilioshwa mara tatu, mwiko ukanunuliwa mpya. Kosa letu lilikuwa moja: wali wetu sisi wengine ulipikwa palepale, na chupa ya samli ikabaki kwenye meza ya jikoni.

Mke wangu alikuwa amelitoa bakuli na kulifunua tu, mara hodi. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akaitikia kwa sauti, "Karibuni, karibuni!" Nyuma yake mkono wenyewe ukachota samli, ukatia, ukafunika. Alishahesabu mpaka saba, nane, kabla hajashtuka.

Nilikuwa nimesimama jikoni na sahani mikononi. Tukatazamana. Alifunua, samli ilishayeyuka. Na mimi, naungama, nilimkonyeza: nyamaza. Kijiko kimoja katika bakuli zima nani atakijua? Mkwe alikuwa ukumbini, mlango wa jikoni u wazi, anajiweka sawa mtandio mbele ya kioo na kusema, "Mama, mbona mate yananitoka!"

Mke wangu alirudisha mfuniko, akalibeba bakuli mpaka mezani. Tukakaa. Mkwe hakuugusa mkoba wake. Aliunyosha mkono na sahani tupu, kitu ambacho mke wangu alikuwa amekingoja miezi yote ile.

Mama Kijiko akaukandamiza mfuniko kwa kiganja. "Usile, mwanangu. Nimetia samli. Sikukusudia, mkono umenitangulia, lakini imo."

Mwanetu akatazama dari. Nimeshuhudia wakurugenzi wakimpa mke wangu mkono na cheti, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Sikuwahi kumwonea fahari kama dakika ile, wala kulionea aibu jicho langu hivyo.

Mkwe alirudisha sahani chini. "Kuna yaliyobaki ambayo hayajachanganywa?"

"Nusu sufuria. Yamechemshwa kwa maji tu."

"Basi twende, Mama. Mimi nitakwangua nyanya."

Wakaingia jikoni. Chupa ya samli ilihamishiwa karakana kwangu, kati ya misumari na sponji. Tulisikia amri zikitolewa kama enzi za kantini, na mwalimu wa hesabu akijibu, "Ndiyo, Mama," huku akicheka.

Bakuli la pili lilipofika mezani, mkono wa mke wangu ukanyanyuka na kijiko. Sote tukaganda. Akachota maharagwe, akayapuliza, akampelekea mkwe mdomoni. Mkwe akatafuna amefumba macho, na nasema kweli, mke wangu alikuwa anahesabu kimoyomoyo, niliona midomo.

"Nipakulie, Mama," mkwe akasema. "Ujaze."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo, akaliweka mbele yangu. "Hili ni lako, Baba. Nilikuona kiooni ukikonyeza."

Nililila lote, baridi, nao wakinitazama.