Mtoto Mwenye Wivu

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameacha kushika ukuta akitembea nilipopata mimba ya mdogo wake. Nilikaa nayo kimya. Mimba sikuiogopa, nilimwogopa mama mkwe, kwa sababu nilikuwa bado nanyonyesha, na kwake yeye maziwa ya mwanamke mwenye mimba ni sumu: mtoto anakonda, nywele zinageuka nyekundu, halafu mnachimba kaburi dogo. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia niendelee bila wasiwasi, ila muuguzi hakuwa akiishi nyumbani kwetu. Basi nikaendelea kwa siri, chumbani, mlango umefungwa, hadi tumbo likanitangaza kwa mtaa mzima.

Mama mkwe hakupiga kelele. Baba yake aliletwa hapa Likasi kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, akamlea katika zile nyumba za matofali za wafanyakazi, ambako ukisikika unagombana kila jirani anajua mpaka ulichopika. Yeye ni mtu wa kutenda. Asubuhi moja aliingia na pilipili zimetwangwa kwenye kisahani, akaniambia nifungue blauzi, nikafungua. Akanipaka kwa kidole, upande huu na upande ule, akaketi kitandani kungoja.

Mtoto alikuja mbio kama kila asubuhi, mdomo wazi tangu mlangoni.

Sitaeleza kilio chake. Nitaeleza kicheko, kwa sababu ndicho kilichonikaa. Alitoa ulimi nje akawa anaupigapiga kwa viganja, na mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi, na mume wangu aliyekuja kuona kuna nini naye akacheka. Ilichekesha kweli, tusidanganyane. Kisha bibi yake akachukua kikombe cha plastiki, akambana kichwa kifuani kwake na kumnywesha maji kwa nguvu, huku akimbembeleza, mayi, mayi, kunywa mayi. Alikuwa na huruma, yule mama, baada ya kazi kwisha.

Mtoto alirudi tena mchana, na kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu hakuamini kwamba ni mimi. Kila aliporudi nilikuwa nimepakwa upya. Mwisho wa wiki aliacha.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Njo vile banaachishaka mutoto."

Katika wiki hiyo alijifunza neno jipya, moto. Alilisema mbele ya mbabula, jiko letu la mkaa, mbele ya chai, na mbele ya kifua changu. Nikiinama kumbeba aligeuza uso pembeni. Wengine waliona amekua, mimi niliona nimefukuzwa kazi, na nilikasirika kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini mume wangu alikuwa akitoka asubuhi kwenda kiwandani na kurudi na mavumbi mpaka kwenye kope, na mtu wa namna hiyo humwambii kwamba mtoto hakutazami vizuri.

Mvulana alizaliwa muda mfupi baadaye. Alikuwa mdogo, mwenye hasira, na mwenye njaa ya watu wawili. Mama mkwe alinikanda tumbo kwa maji ya moto na taulo, akanipikia uji, akanisifu kwamba safari hii nimezaa mtu. Binti yangu alimpenda yule mtoto mara moja. Alimfunika kanga mpaka puani, akamwekea mkate mfukoni, akamwita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu mwingine.

Ila nilipomnyonyesha tu, alibadilika. Alitoka popote alipokuwa, akamshika mdogo wake mguu na kumvuta. Akamsukuma uso kwa viganja. Akishindwa alipiga kifua changu, huku akipiga mayowe, mpaka mvulana anaachia chuchu na kulia naye. Nikimtoa, anarudi. Kila nilipokaa kunyonyesha palikuwa na vita, na kunyonya kwa mtoto mchanga hakuna ratiba, kwa hiyo vita vilikuwa vya kutwa.

Wote waliona kitu kimoja, na mimi niliona walichoona. Wivu. Majirani walipita kumwangalia mchanga wakamwangalia na mkubwa, wakatikisa kichwa. Mama mkwe alimpiga mikononi kwa mwiko wa kusongea bukari. Mume wangu, ambaye hawezi kumpiga mtoto, alimfungia chumbani nikinyonyesha, akakaa nje ya mlango amejiziba masikio. Hakuna kilichosaidia. Akifunguliwa alikuja kwanza kumkagua mtoto, akamfungua mdomo kwa vidole na kuchungulia ndani, na kwa hilo pia akapigwa, kwa sababu kucha zake zilikuwa chafu.

"Huyu mutoto iko na wivu mubaya," mama mkwe akasema siku moja mbele ya mwanawe. "Ataua ndugu yake, na ninyi mutaangalia tu."

Hapo ndipo lilipoanza kusemwa jina la Kambove. Huko aliishi shangazi wa mume wangu, hakuzaa, na tangu zamani alikuwa akiomba mtoto wa kike wa kukaa naye. Mtoto aliyeachishwa kupelekwa kwa ndugu ni jambo la kawaida kwetu, anakwenda kusahau ziwa, halafu anarudi. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Kaka mkubwa wa mume wangu alipelekwa kwa shangazi huyo huyo kusahau ziwa, akarudi ana ndevu. Leo akija kumsalimia mama yake anaketi ukingoni mwa kiti na kuomba maji ya kunywa kama mgeni. Mama mkwe akitaja jina lake anatazama chini. Na bado alitaka niige.

Nilikataa. Nililia, nikatukana, nikagoma kula, na mtu aliyejifungua akigoma kula maziwa yanapungua, mvulana akalia zaidi, na hilo nalo likawekwa kwenye hesabu ya binti yangu. Mume wangu akanieleza kwa upole kwamba ni kwa miezi michache tu. Upole wake ulinichosha kuliko mwiko wa mama yake. Shangazi akaja Jumapili baada ya misa, na mfuko mdogo wa nguo za mtoto ukawekwa karibu na mlango.

Tulikuwa sebuleni wote. Shangazi anakunywa chai, mama mkwe anamsuka binti yangu nywele za safari, mimi nimegeukia ukutani namnyonyesha mvulana ili nisiwaone. Mvulana akaachia chuchu, nikamlaza mkekani na kufunga blauzi. Binti yangu akachomoka kwenye magoti ya bibi yake, nusu ya kichwa imesukwa, akaenda jikoni. Akarudi na kikombe cha plastiki amekishika kwa mikono miwili, maji yakimwagika njia nzima. Akachuchumaa, akamwinua mdogo wake kichwa, akambana kifuani, akamtia maji mdomoni.

"Mayi," akamwambia. "Mayi."

Mvulana alipaliwa, akageuka rangi. Mama mkwe alimnyakua na kumpiga mgongoni mpaka akakohoa na kulia. Shangazi alimpiga binti yangu kofi moja, la mtu ambaye tayari ameshampokea. Mume wangu akasema, kwa sauti ya kuchoka kabisa, basi, aende leo.

Mimi nilikuwa nimeketi pale pale. Nilikuwa nimeona alivyombana kichwa. Mkono wa kushoto nyuma ya shingo, paji la uso likigusa kidevu chake, vile vile alivyobanwa yeye na bibi yake asubuhi ile ya kwanza.

"Haiko wivu, mama," nikasema. "Anazani tunamupaka ndugu yake pilipili. Anamupa mayi sawa vile tulimupa yee."

Nikawaambia yote upesi upesi, kuvuta mguu, kupiga kifua, kuchungulia mdomo, na nikaona uso wa mume wangu ukibadilika, kwa sababu alikuwa amekumbuka alivyocheka. Mama mkwe akaangalia mikono yake. Shangazi peke yake hakuguswa. Alikuwa ametoka Kambove kuchukua mtoto.

"Muonyeshe basi kama haiko pilipili," akasema. "Akiacha, abakie."

Ilikuwa haki. Nilifungua blauzi, nikamwita binti yangu. Hakuja. Nikakamua maziwa kidogo kwenye kidole, nikayalamba mbele yake, nikatabasamu kama mwehu. Nikakamua tena nikamsogezea. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tulikaa hivyo muda, watu wazima watatu wakitutazama, hadi udadisi ulipomshinda akatoa ncha ya ulimi.

Akaonja. Akatulia. Akanishika kidole akakinyonya chote, kisha akatazama kifua changu, na midomo yake ikaanza kutafuta, peke yake, kama zamani. Mwili wangu ulimjibu, maziwa yakashuka yenyewe. Mungu anajua nilivyotaka kumpa. Lakini mvulana alikuwa hashibi, na mama mkwe alinitolea macho ya kusema mtoto aliyeachishwa harudishwi, na mimi nilikuwa nimetoka tu kumshinda, sikutaka kushindwa tena dakika ile ile. Nikafunga blauzi.

"Hapana," nikamwambia. "Ni ya mutoto."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mdogo wake. Mume wangu akacheka kwa furaha akisema ameelewa, ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Shangazi alirudi Kambove mikono mitupu na uso umekunjamana. Mama mkwe akamaliza kumsuka yule mtoto nusu ya kichwa iliyobaki, taratibu, bila kumvuta, na nikafikiri hiyo ndiyo namna yake ya kuomba msamaha.

Jioni nilimnyonyesha mvulana kibarazani. Binti yangu akaja. Hakupiga mayowe, hakumvuta, wala hakusema moto. Alisimama kando akisikiliza anavyomeza. Halafu akainama, akachukua kile kiguu kidogo kwa upole, akakiuma mpaka damu ikatoka, na muda wote alipokuwa anauma alikuwa ananitazama mimi.