Swichi Nyuma ya Kiti

Yuma alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Murara, mjini Goma, na kama mnataka kumjua msiwaulize watoto wake, maana watawapa uongo mtamu. Niulizeni mimi. Miaka kumi na minne cherehani yangu ilikaa baraza moja na meza yake. Mimi nilishona, yeye alifungua magari ya watu, na katikati yetu palikuwa na birika la chai ya maziwa ambalo Kadidja, mke wake, alilileta kila asubuhi saa nne. Nilimpenda yule mtu. Ninayoyasema hapa yananiuma mimi kabla ya kumuuma mwingine yeyote.

Baba yake alitoka Kasongo na mizigo ya vitambaa, akaishia Goma. Yuma hakupenda vitambaa. Alijifunza kazi kwa Mgiriki mmoja mwenye gereji, na serikali ilipogawa mali za wageni, gereji ile ikapewa mtu asiyejua tofauti ya betri na debe la mafuta. Yuma alifunga bisibisi zake katika kitambaa akaja barazani kwetu. Alikuwa mtu wa polepole mpaka anaudhi. Mafundi wengine wakikuta waya mbovu hukata na kuunganisha palipo karibu, mwenye gari akaenda zake. Yuma aliufuata. Aliushika kwenye betri akaupapasa kwa vidole hadi mwisho, akiimba kwa pua, na hakuuachia hata ukimwita kula. Alikuwa akisema gari kuukuu limepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja amefanya lake kwa siri. Kabla hujagusa kitu, alisema, jua kwanza nani alifanya nini.

Mara moja tu katika maisha yake hakuufuata waya.

Mwaka wa sabini na tisa palikuwa na shofere mmoja, Mirindi, kijana wa milima ya Masisi. Mke wake Apolline aliimba naye katika kwaya ya kanisa lao, kanisa lisiloruhusu pombe hata ya kuonja. Aliendesha Pijo 404 ya kijivu, ile ya kubeba mizigo, ya Sitwayen Balume, yaani Mwananchi Balume kama tulivyoamriwa kuitana, akishusha maziwa na maharagwe mjini. Siku moja mvua ilimchelewesha. Giza lilimkuta amepita Sake, na kabla ya kufika Mugunga alimgonga bibi mmoja aliyekuwa amebeba kuni. Alimpakia mwenyewe, akamfikisha hospitali, na bibi akafia pale mlangoni. Mirindi hakukimbia. Alikaa chini akangoja polisi.

Alisema jambo moja tu, na hakulibadilisha: alizungusha swichi ya taa, taa za mbele zikakataa kuwaka. Aliendesha taratibu akitegemea mwanga kidogo uliobaki angani, kwa sababu maziwa yangeharibika na bwana wake alikuwa mkali. Balume akasema gari lake ni zima, shofere alikuwa amelewa. Basi korti ikatafuta mtu wa kupima taa. Wakamwita Yuma awe ekspere wao, yaani mtaalamu.

Ile asubuhi alivaa kanzu yake safi. Gari lilikuwa kwenye kiwanja cha polisi. Alipofika alimkuta Balume ameinama ndani, anatoa jeki yake nyuma ya kiti. Wakasalimiana. Balume akaondoka na jeki. Yuma akazungusha swichi ya dashibodi na taa zote mbili zikawaka, nyeupe, nzuri. Karatasi ya korti iliuliza kama zinawaka. Akaandika kwamba zinawaka, akatia sahihi, wakagonga muhuri. Hakufungua dashibodi. Hakugusa hata waya mmoja, kwa kuwa karatasi haikumuuliza habari za nyaya, na kwa kuwa, niseme tu, kichwa kilikuwa kimevimba. Wiki iliyofuata alitundika juu ya meza yake ubao ulioandikwa: YUMA, EKSPERE. Nilimtania kwa ubao ule mpaka akakasirika.

Mirindi alipewa miaka minane: kwa kulewa, kwa kuua, na kwa kuidanganya korti.

Apolline alikuja barazani mara moja, mwaka ule ule. Alikuwa na mimba, ameshika kikapu cha chakula cha kupeleka gerezani. Hakutaka kukaa.

“Papa ekspere,” alisema, “zile lampe ziliwaka kweli? Niambie tu. Bwana yangu iko anasema hapana, na mimi sijui nimuamini nani.”

“Ziliwaka, mama,” Yuma akajibu. “Niliona na macho yangu.”

Alishukuru akaenda. Baadaye tulisikia kwamba kila alipokwenda gerezani alimuomba mumewe akubali tu kosa, atubu, Mungu amsamehe, yaishe. Mirindi hakukubali. Mwaka wa themanini na mbili aliacha kwenda. Alisema hawezi kutembea kilomita zote zile kumpelekea ugali mtu anayemwangalia usoni na kumdanganya. Watu wa kanisa walimsifu kwa msimamo wake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosifu.

Sasa, tarehe sita ya mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na nne, siku ya Jumanne, Alimasi mwuza samaki wakavu alileta gari barazani. Alikuwa amelinunua wiki ile. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na chini ya kijani palionekana kijivu.

“Papa Yuma,” Alimasi alisema, “hii motokari inanichosha. Lampe zinawaka muzuri, nikipita ku shimo zinazima. Nikipita ku shimo ingine zinarudia.”

“Uliuziwa na nani?”

“Sitwayen Balume.”

Yuma alifungua dashibodi akaanza kufuata nyaya kama kawaida yake, lakini siku hiyo hakuimba. Nyaya za kiwandani alizijua; ndani zina nyuzi nyembamba nyingi za shaba. Ule wa taa ulitoka kwenye swichi vizuri, na shubiri moja mbele ukakatika na kuungwa na waya mwingine mweusi. Alikwangua ganda lake kwa kisu. Ndani palikuwa na shaba moja nene. Ulikuwa waya wa nyumba, huu wa kufungia taa za sebuleni. Maungio yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, vimezungushiwa uzi.

Aliufuata. Ulishuka kwenye sakafu chini ya kapeti, ukapita chini ya kiti cha shofere, ukapanda nyuma ya mgongo wa kiti, pale panapowekwa jeki. Akang’oa kibao kimoja kilichoshikizwa tu. Nyuma yake palikuwa na swichi ya ukutani, ya nyumba, nyeupe, imeota kutu kwenye misumari. Kutoka hapo waya wa pili ulirudi mbele kwenye taa. Yuma alizungusha swichi ya dashibodi: taa zikawaka. Akabonyeza ile ya nyuma ya kiti: zikazima. Akabonyeza tena: zikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi mno, mpaka Alimasi akamwambia betri itakufa.

Mimi nilikuwa nimeacha kushona. Nilikuwa nimeelewa kabla yake, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Balume alikuwa mteja wangu. Nilimshonea abakosi nne, yale makoti tuliyolazimishwa kuvaa bila tai, na nilipokuwa nampima kifua mwaka wa sabini na nane aliniambia akicheka: mashofere wote ni wezi, giza likiingia wanabeba abiria wa kwao, lakini gari langu, fundi, halitembei usiku bila mimi, nimelifunga. Nilicheka naye. Sikuuliza amelifunga vipi. Na habari za Mirindi zilipokuja, maneno yale hayakunijia hata kidogo, au niseme sikuyaruhusu yaje.

Nilimwambia Yuma. Alinisikiliza, swichi ikiwa mkononi.

“Ile asubuhi alikuja kutosha jeki nyuma ya kiti, pale pa hii swichi,” alisema mwishowe. “Célestin, alikuja mbele yangu. Nilimsalimia.”

Alimasi hakutaka hadithi. Alitaka taa ziwake. Yuma akamrudishia waya wake kama ulivyotoka kiwandani, akabaki na ile swichi na kipande cha waya mweusi.

Kesho yake alikwenda kortini. Karani alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akafungua faili akamwonyesha sahihi yake mwenyewe.

“Ekspere ni nani hapa?”

“Ni mimi.”

“Ekspere alisema lampe zinawaka. Sasa unasema ekspere alidanganya tribinali? Andika vile, utie sahihi. Lakini ujue, mutu mwenye kudanganya tribinali anaingia mule mwenye yule shofere iko.”

Yuma alirudi barazani amekunja uso. Aliniambia ataandika. Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilimwambia asiandike. Nilimwambia ana watoto watano na Kadidja anaumwa miguu, na Balume anakula meza moja na wakubwa. Nilisema Mirindi amebakiza miaka mitatu tu, miaka mitatu itapita, na akitoka tutamsaidia kwa siri. Yote hayo yalikuwa kweli. Kitu ambacho sikusema ni kwamba Balume alikuwa ameniagiza abakosi mbili mpya na kitambaa kilikuwa tayari juu ya meza yangu.

“Ngoja kidogo,” nilimwambia. “Ngoja mambo yatulie.”

Akangoja. Kila asubuhi aliitoa swichi mfukoni akaiweka mezani, na kila jioni akairudisha. Hakula vizuri. Aliushusha ubao wake akaupasua akautia jikoni, Kadidja akachemshia chai. Wateja walileta magari, akayatengeneza haraka haraka kama mafundi wengine. Nilidhani anapona, mpumbavu mimi.

Jumatatu, tarehe ishirini na sita, alikuja amevaa kanzu safi, barua iko mkononi. Alikuwa ameiandika yote usiku, kurasa mbili. Alisema atapita kwanza gerezani amwombe Mirindi msamaha uso kwa uso, ndipo aende kortini. Nilifunga cherehani nikaenda naye. Sikuwa na ujasiri wa kumzuia tena, wala wa kumwacha peke yake.

Mlinzi wa mlangoni alipitisha kidole kwenye daftari.

“Mirindi? Wa Masisi? Alikufa vendredi, siku tatu zimepita. Kuhara. Tulishamuzika.”

Yuma alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mlinzi akachoka akageukia watu wengine. Barua Yuma hakuipeleka kokote. Alisimama nje kwenye mawe meusi ya volkano, akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akatia mfukoni pamoja na swichi. Kisha akasema twende Mugunga, alikokaa Apolline.

Apolline tulimkuta ameshapata habari. Alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharagwe. Alituletea viti viwili. Yuma hakukaa. Alimwekea swichi kwenye ungo, juu ya maharagwe, akamweleza yote bila kujipendelea hata kidogo: waya wa nyumba, kiti, jeki, ile asubuhi, ile sahihi.

“Bwana yako alisema kweli, mama,” akamaliza. “Lampe hazikuwaka. Nilikuambia uongo. Sikujua, lakini ilikuwa uongo.”

Mama yule aliichukua akaibonyeza kwa kidole gumba, mara moja, akasikiliza mlio wake.

“Uliona hii kintu siku gani?” aliuliza.

Nilimwangalia Yuma. Niliomba moyoni adanganye, aseme jana, aseme juzi. Nani angejua?

“Tarehe sita,” Yuma akasema. “Mwezi huu.”

“Mirindi alikufa tarehe makumi mbili na tatu.”

“Ndiyo, mama.”

Apolline akahesabu. Alihesabu kwa maharagwe, akitenga moja moja pembeni ya ungo, na sisi tukasimama tukimtazama mpaka akafika kumi na saba.

“Mimi miaka mbili sikuenda kumuona, juu ya karatasi yako,” alisema. Sauti yake haikupanda. “Ungekuja ile siku ya kwanza, ningeenda. Sitakudanganya ati angepona, hapana. Lakini ningeenda, papa, na miguu yangu, nimuambie nimesikia, nimeamini. Mbona ulikawia?”

Nilijua jibu, maana nilimpa mimi mwenyewe, neno kwa neno, juu ya kitambaa cha Balume.

“Niliogopa,” alisema.

Hakunitaja. Apolline aligeuka akaniangalia, akaniuliza mimi ni nani. Yuma akamwambia ni jirani yake, mshonaji, amemsindikiza. Mama yule akanishukuru kwa kuja, na mimi nikapokea.